Kibaba si ratili: somo la vipimo lililojificha katika zabibu kavu

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo twaifundisha kila mwaka, nao wanafunzi huiandika katika insha zao kila wanapotakiwa kusifu akiba na subira. Hata hivyo, ni nadra mno kumsikia mwalimu akiliuliza darasa lake: kibaba chenyewe kilikuwa kitu gani? Kilikuwa kipimo cha nafaka na vitu vikavu. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vikafanya pishi. Kwa hivyo pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Vipimo hivi vyote vilikuwa vya kujaza. Kando yavyo, wakazi wa pwani yetu walikuwa na vipimo vya mizani, yaani wakia, ratili na frasila, ambayo hii ya mwisho ilikaribia kilo 16. Wahenga hawakusema kwamba haba na haba hujaza ratili, kwa kuwa walijua fika kwamba ratili haijazwi. Ratili hupimwa kwa mizani.

Hoja yangu leo ni kwamba tofauti hii, ambayo mchuuzi wa zamani asiyejua kusoma wala kuandika aliifahamu vyema, imewaponyoka wanafunzi wengi walio na vitabu mikobani. Nitaieleza kwa kitu kidogo kabisa ambacho hupatikana katika duka lolote la mtaani: zabibu kavu, zile tunazotia katika tambi, katika pilau na katika keki ya matunda.

Mpe mwanafunzi wa shule ya upili resipe ya keki iliyoandikwa kwa vikombe, kisha umtake aigeuze iwe ya gramu. Nimelitoa zoezi hili darasani mara nyingi, na jibu ninalolipata aghalabu ni lile lile: kikombe kimoja ni mililita 250, kwa hivyo kikombe kimoja ni gramu 250. Kanuni hiyo ataitumia kwa maji, kwa unga, kwa sukari, kwa zabibu kavu na hata kwa nazi iliyokunwa ikakaushwa. Hesabu yake ya kuzidisha itakuwa sahihi, mwandiko wake utakuwa safi, na keki yake itaharibika.

Si vigumu kutambua kanuni hiyo ilikotoka. Katika mfumo wa vipimo tunaoutumia, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi, na mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja. Huo ni ukweli, lakini ni ukweli wa maji. Mwanafunzi huufunzwa mapema, akaukariri, na kwa kuwa hakuna aliyemwonya, akadhani kwamba kila kitu kinachoweza kutiwa katika kikombe kinatii sheria ya maji. Aidha, amezoea kugeuza kilo kuwa gramu na lita kuwa mililita, kazi ambayo haihitaji kujua kinachopimwa. Kilo mbili ni gramu 2,000, ziwe za chuma au za pamba. Kugeuza kikombe kuwa gramu ni kazi ya namna nyingine kabisa. Hapo mtu anatoka katika nafasi na kuingia katika uzito, na hawezi kuvuka bila kuuliza: kikombe cha nini?

Huenda msomaji akaniambia kwamba haya ni mambo madogo yasiyostahili wino wa gazeti. Basi na asikilize kisa cha jirani yangu mmoja ambaye huoka keki za kuuza. Desemba moja aliagizwa keki 20 za matunda. Alitumia resipe ya Kimarekani iliyotaka vikombe vitatu vya zabibu kavu kwa kila keki. Kwa kuwa zabibu alizinunua kwa kilo, alipiga hesabu ya gramu 250 kwa kikombe, akapata gramu 750 kwa keki moja. Kulingana na majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, kikombe cha nchi hiyo hubeba takriban gramu 145 za zabibu kavu ambazo hazikushindiliwa. Vikombe vitatu, basi, ni gramu 435. Kila keki ilitiwa gramu 315 za ziada, na keki zote 20 zikala kilo 6 na gramu 300 za zabibu ambazo resipe haikuziomba. Zabibu zilikuwa nyingi kuliko mchanganyiko ulivyoweza kuzishika, zikazama chini ya keki, na faida ya mama yule ikazama pamoja nazo. Hakuwa mzembe wala mjinga. Alifuata kanuni aliyotoka nayo shuleni.

Tujiulize sasa: kwa nini kikombe kile kile cha mililita 250 kibebe gramu 250 za maji lakini gramu 150 tu hivi za zabibu kavu? Mwanafunzi atakimbilia kujibu kwamba zabibu ni nyepesi kuliko maji. Mwalimu asibishane naye. Ampe gilasi ya maji na zabibu kavu moja, aitumbukize. Ataiona ikizama hadi chini. Kitu kizamacho si chepesi kuliko maji ya ukubwa wake. Hapo darasa zima litanyamaza, na somo litakuwa limeanza.

Jawabu limo katika hewa. Zabibu kavu zina mikunjo na pembe, haziwezi kulaliana pasiwe na mianya baina yao. Kikombe tunachokiita kimejaa zabibu kwa hakika kimejaa zabibu na hewa. Jambo hili laweza kuthibitishwa bila maabara. Jaza kikombe zabibu hadi ukingoni. Pima mililita 250 za maji katika jagi, kisha uyamimine polepole ndani ya kikombe kilichojaa mpaka maji yafike ukingoni. Soma kiasi kilichobaki katika jagi. Maji yaliyoingia ndiyo kipimo cha mianya iliyokuwa imejaa hewa, na wanafunzi watastaajabu kuona jinsi yalivyo mengi. Zoezi lifanywe upesi, kwani zabibu zikikaa majini huyanywa na kuvimba.

Mwanafunzi akishaielewa hewa, mengine yote yatamfungukia. Ataelewa kwa nini kushindilia hubadili uzito. Majedwali yale yale niliyoyataja husema kwamba kikombe cha Kimarekani cha zabibu zilizoshindiliwa hufika gramu 165. Tofauti ya gramu 20 imeletwa na kiganja cha mkono tu. Ataelewa pia kwa nini matunda makavu hayafanani. Kikombe hicho hicho hubeba takriban gramu 147 za tende zilizokatwakatwa, gramu 149 za tini, gramu 130 za aprikoti zilizopasuliwa nusu, na gramu 174 za plamu zilizotolewa kokwa. Vipande vya tofaa vilivyokaushwa, ambavyo ni vyepesi na vimejikunja kama maganda, havizidi gramu 86 hivi. Vikombe ni sawa, matunda yote ni makavu, lakini uzito wa plamu ni maradufu ya uzito wa tofaa.

Wazee wetu wa pwani hawakuhitaji majedwali kuyatambua haya. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka nchi za Ghuba yalileta tende zilizoshindiliwa katika makanda. Tende za namna hiyo huwa bonge moja lililogandamana, wala haziwezi kumiminwa katika kibaba kama mchele. Kitu kama hicho huna budi kukikata na kukiweka kwenye mizani. Mtama na mchele vyamiminika, na kwa hivyo kibaba kilitosha. Kila bidhaa ilichaguliwa kipimo kulingana na tabia yake.

Mfano mwingine ulio hai hadi leo ni zaka ya fitri, ambayo Waislamu huitoa Ramadhani inapomalizika. Hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Abu Said al-Khudri inataja kwamba wakati wa Mtume ilitolewa kwa kipimo cha saa, na vinavyotajwa ni pamoja na tende na zabibu kavu. Wanazuoni wa Kiswahili hulitafsiri neno hilo kuwa pishi, na ile mudi ambayo minne yake hufanya saa moja huiita kibaba. Hesabu za pande mbili zinaafikiana: vinne kwa kimoja. Leo, kwa kuwa watu hununua vyakula kwa kilo, masheikh huigeuza pishi kuwa uzito, na viwango vinavyotajwa mara kwa mara ni baina ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Wapo wanaoshangaa kwa nini hapana tarakimu moja tu. Sababu mojawapo ni hii tunayoizungumzia: pishi ni nafasi, na nafasi iliyojazwa mchele haina uzito sawa na nafasi iliyojazwa tende au zabibu.

Matatizo ya kikombe hayaishii katika kinachotiwa ndani. Kikombe chenyewe si kimoja duniani. Cha Marekani ni mililita 237 hivi; cha Australia na cha vitabu vingi vinavyofuata mfumo wa mita ni 250; nacho kile cha vitabu vya zamani vya Kiingereza, ambacho ni nusu ya painti, ni mililita 284. Hata kijiko cha mezani, ambacho kwingi ni mililita 15, nchini Australia ni 20. Mazoea ya kupima kwa kikombe cha mfuto, yaani kilichosawazishwa ukingoni kwa kisu, yalienezwa sana Marekani na Fannie Farmer, ambaye kitabu chake cha upishi kilichapishwa Boston mwaka 1896. Alifanya kazi njema, kwa kuwa kabla yake vitabu vingi vilisema tu tia kiasi au tia kikombe cha chai. Lakini aliwaandikia watu waliokuwa na kikombe kama chake. Anayekisoma kitabu cha namna hiyo Nakuru au Malindi, mkononi ana kikombe kingine.

Yapo pia mambo yanayohusu lugha, na hapa nawaomba walimu wa Kiswahili wasikae kando. Linganisha maagizo haya mawili: "kikombe kimoja cha tende zilizokatwa" na "kikombe kimoja cha tende, kisha uzikate." La kwanza lataka tende zikatwe ndipo zijaze kikombe. La pili lataka kikombe kijazwe tende nzima, pengine pamoja na kokwa zake, ndipo zikatwe. Tende nzima huacha mianya mikubwa, na kokwa huongeza uzito usioliwa. Uzito wa nyama ya tende katika maagizo hayo hauwezi kuwa sawa. Kadhalika "kikombe cha zabibu zilizorowekwa" si "kikombe cha zabibu, uziroweke," kwani zabibu iliyorowekwa imevimba na imebeba maji. Mwandishi wa resipe asiyejali mpangilio wa maneno yake humharibia msomaji chakula. Nani atasema sarufi haina kazi jikoni?

Fauka ya hayo, upo unyevu. Zabibu kavu hazikauki kabisa. Huwa na maji kiasi cha asilimia 15 hivi. Pakiti ikiachwa wazi katika hewa nzito ya Mombasa, zabibu huvuta unyevu, zikalainika na kushikamana. Zikiachwa mahali pakavu huzidi kukauka na kuwa ngumu. Kikombe cha zabibu za leo huenda kisilingane uzito na kikombe cha zabibu za mwezi ujao, hata zikitoka katika pakiti moja.

Je, dawa ni kuvitupa vikombe? La hasha! Kikombe kina heshima yake. Anayepika wali kwa kikombe kimoja cha mchele na viwili vya maji hapotei, maadamu kikombe ni kile kile, kwa sababu anachokilinda ni uwiano. Mama zetu wamelisha vijiji kwa vikombe, vifuu na viganja. Kikombe huleta shida pale resipe inaposafiri kutoka jiko moja hadi jingine, au bidhaa inaponunuliwa kwa kilo na kutumiwa kwa kikombe. Hapo ndipo pahitajikapo daraja, na daraja hilo kila mwanafunzi aweza kulijenga kwa mkono wake.

Njia ni hii. Chukua kikombe utakachokitumia, ujue ujazo wake kwa kukijaza maji na kuyapima katika jagi. Kikaushe. Kijaze zabibu bila kushindilia, usawazishe ukingo, kisha upime uzito wa zabibu hizo pekee. Rudia mara tatu, kwani uzito utatofautiana kidogo kila mara, nawe uchukue wastani. Gawanya gramu kwa mililita. Tuseme kikombe ni cha mililita 250 na wastani ni gramu 150: utapata 0.6. Hiyo ndiyo densiti ya zabibu zako zikiwa zimemiminwa pamoja na hewa yake, na ndiyo daraja lako. Resipe ikitaka gramu 375, gawanya 375 kwa 0.6 upate mililita 625, yaani vikombe viwili na nusu. Ikitaka vikombe vitatu vya mililita 237, zidisha 711 kwa 0.6 upate gramu 427 hivi. Jibu hilo li karibu sana na zile gramu 435 za majedwali ya Marekani, na tofauti ya gramu 8 haimharibii mtu keki.

Najua kwamba shule nyingi hazina mizani. Hilo lisiwe kisingizio. Pakiti iliyofungwa kiwandani imeandikwa uzito wake. Imimine yote katika vikombe uhesabu ni vingapi, na utakuwa umeipata densiti bila mizani. Tena, mizani yenyewe yaweza kutengenezwa. Funga ufito ulionyooka kwa uzi katikati, uning'inize mikebe miwili inayolingana katika ncha zake, kwa umbali sawa kutoka katikati. Weka zabibu katika mkebe mmoja, umimine maji katika wa pili mpaka ufito ulale sawa. Pima maji hayo kwa mililita. Kila mililita ni gramu moja. Hapa ndipo ile sheria ya maji ilipo na haki ya kutumiwa, kwa kuwa kinachopimwa kwa mililita ni maji yenyewe.

Nimechagua jikoni kwa sababu jikoni hakumtishi mtu, lakini ninachokihofia kiko sokoni. Wakenya wengi bado hununua mahindi na maharagwe kwa gorogoro na kwa debe. Wapo wachuuzi wanaobonyeza kitako cha gorogoro kiingie ndani, na mteja huona mkebe umejaa hadi ukingoni akaridhika. Wapo wanaonunua mazao shambani kwa magunia yaliyoongezwa kimo, kisha wakayauza mjini kwa kilo. Mkulima anauza nafasi, tajiri anauza uzito, na kilichoko baina ya viwili hivyo ni jasho la mkulima. Vikundi vinavyokausha maembe ili kuyauza navyo vitapata hasara iwapo mwanachama mmoja atajaza pakiti kwa kikombe na mwingine kwa mizani, ilhali bei ni moja. Mtoto aliyekariri kwamba kikombe ni gramu 250 atakua awe mkulima huyo au mteja huyo.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza kwamba mwanafunzi atende badala ya kukariri. Basi hili ni somo lisilo na gharama kubwa. Pakiti moja ya zabibu yatosha darasa zima: mwalimu wa Hisabati apate uwiano na wastani, wa Sayansi apate densiti, wa upishi apate resipe, na wa Kiswahili apate mpangilio wa maneno na historia ya kibaba. Vipimo vikikamilika, zabibu zitaliwa, maadamu mikono ilinawiwa na mikebe ilikuwa safi. Wanafunzi wenyewe nao wasingoje kuamriwa. Wakipewa tarakimu yoyote ya kugeuza nafasi kuwa uzito, na waulize imepimwa kwa kikombe kipi, kwa kitu kipi, na kilijazwa vipi.

Nawasihi walimu wenzangu kwamba muhula ujao, mtakapoiandika ubaoni ile methali ya haba na haba, mwaulize wanafunzi kibaba kina gramu ngapi. Msikubali tarakimu. Mpeni alama kamili yule atakayeinua mkono na kuuliza: "Kibaba cha nini, mwalimu?"